Mpangaji Asiyepika

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya nguo. Suruali mbili na gauni moja vilikuwa bado vinaidondoshea maji mgongoni.

Inspekta Caritas alisimama kwenye mlango wa jikoni, mkono kiunoni, akihema. Pikapu ya komisariati ya polisi ilikuwa haina mafuta kwa siku ya nne sasa, kwa hiyo alikuwa amepanda kwa miguu kutoka Rohero hadi Mutanga Sud, na goti lake la kushoto lilikuwa limelalamika njia nzima. Mtu akiuawa Bujumbura siku hizi, basi amhurumie mpelelezi, auawe sehemu ya tambarare. Lakini nani anamhurumia mpelelezi? Hakuna.

"Anaitwa Régis, afande," alisema Brigedia Térence, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na mbili. "Komisioneri. Anatafutia watu nyumba za kupanga na za kununua. Kadi yake iko mufukoni, na pesa iko."

"Kwa hiyo si mwizi."

"Apana. Tofali. Mara mbili, nyuma ya kichwa. Daktari anasema lile la kwanza lilitosha."

Caritas aliinama taratibu, akamwomba daktari ainyanyue maiti upande mmoja. Uwanja wote ulikuwa matope. Udongo wa chini ya tumbo la Régis ulikuwa mkavu, wa vumbi.

"Mvua ilianza saa ngapi?"

"Saa nane u nusu. Mi nilikuwa natoka kula, imenilowesha mpaka soksi."

"Basi alikufa kabla ya hapo. Andika."

Halafu akaangalia juu, kwenye kamba. Gauni la mwanamke, suruali mbili za mwanaume, fulana za watoto nne au tano, na kanzu ndogo nyeupe ya mtoto, yenye kishada kinachoning'inia shingoni. Familia nzima ilikuwa imeanikwa pale. Aliingia jikoni. Hakukuta sufuria, wala mkaa, wala majivu. Alipitisha kidole juu ya jiko, kikatoka na vumbi. Chumbani hakukuwa na mkeka.

"Térence, nani anakaa hapa?"

"Jirani anasema hakuna mutu. Tangu mwezi wa saba."

"Na nguo hizi zimejifua zenyewe?"

Térence alikuna kichwa. Hilo lilikuwa swali la inspekta, si la brigedia.

Sebuleni, juu ya sanduku kubwa la safari lililozungushiwa utepe wa kiwanja cha ndege, alikaa mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi. Alikuwa na mtandio wa kijani, viatu vya gharama, na damu kwenye pindo la nguo. Yeye ndiye aliyeikuta maiti. Yeye ndiye aliyepiga kelele mpaka majirani wakaja.

"Jina?"

"Houda."

"Unatoka wapi, Houda?"

"Maskati. Nimefanya kazi za nyumba kule miaka tisa. Leo ndo nimefika. Ndege imetua saa sita."

"Ukaja moja kwa moja hapa na sanduku? Huna ndugu?"

"Niko na kaka yangu, Buyenzi. Seifu. Nilimwambia nitafika Jumatano, nikapata nafasi mapema. Nilitaka kuona nyumba yangu kwanza. Mi peke yangu."

"Nyumba yako?"

"Hii." Alipapasa ukuta ulio karibu naye kwa kiganja. "Nilinunua mwezi wa tisa. Sijawahi kukanyaga humu mpaka leo. Walinitumia video kwa simu. Nimepangisha, kila tarehe tano kodi inaingia. Mara tatu sasa imeingia, haijachelewa hata siku moja. Mupangaji ana watoto wanne."

"Huyo mpangaji yuko wapi?"

Macho ya Houda yalikimbilia uani, yakatua kwenye kamba, yakarudi haraka mno. Caritas aliona. Kazi hii inamchosha mtu miguu na mgongo, lakini macho yanabaki yanafanya kazi hata ukiyaambia yapumzike.

"Zile nguo unazijua?"

"Apana."

"Hata moja?"

"Nimesema apana, mama."

"Ulifika saa ngapi hapa?"

"Saa tisa na kitu. Mvua ilikuwa imeisha. Nilihangaika kupata taksi, magari hayana esansi. Huyo wa taksi simujui, sikuchukua namba yake."

"Régis ulikuwa unamjua?"

"Kwa simu tu. Ndo aliniuzia nyumba. Leo alinipigia, saa nane na dakika kumi. Ililia mara moja, ikakatika. Nikampigia, hakupokea." Alitoa simu, akaonyesha. Ilikuwa kweli, saa nane na dakika kumi. "Mama, mi sikuua mutu. Nyumba yangu je? Mutaifunga?"

Mtu anaulizwa habari ya kifo, yeye anauliza nyumba! Caritas alitaka kukasirika, ikamshinda. Miaka tisa ya kupiga deki sakafu za watu, basi hata yeye angeuliza.

Jioni ile Kamishna Adrien, mkuu wa Caritas, alipiga simu. Alikuwa mtu wa maneno machache na faili fupi.

"Mwanamke ametapeliwa, ametoka ng'ambo na hasira, amemkuta tapeli, amempiga tofali. Damu iko kwenye nguo. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kujua nani alianika nguo, Kamishna."

"Caritas, nguo haziendi mahakamani. Kesho jioni faili iwe kwa mwendesha mashtaka."

"Sawa, Kamishna."

Alikata simu, akaweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Yule mwanamke angelala mahabusu. Kama hakuna litakalobadilika kesho, angelala huko miaka ishirini.

*

Asubuhi ya Jumanne Seifu alifika mwenyewe komisariati, na chai ya tangawizi kwenye chupa na chapati zilizofungwa kwa kitambaa. Alikuwa mwanaume wa arobaini na mbili, mwembamba, dereva wa taksi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimwomba Caritas ampelekee dada yake chakula kabla hakijapoa.

"Kaa," Caritas alisema. "Nyumba ya Mutanga ulimnunulia wewe?"

"Nilisimamia tu, mama. Yeye iko mbali. Alinipa hati ya uwakilishi."

Caritas alikunjua hati ya mauzo iliyokutwa kwenye sanduku la Houda. Muhuri, saini tatu, tarehe kumi na tano mwezi wa tisa. Muuzaji alikuwa Khadidja, mjane wa Hamimu, mkazi wa Buyenzi. Shahidi, Régis. Kwa niaba ya mnunuzi, Seifu.

"Hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Siku hiyo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo kwa notere, mjini, pale wanapopiga hati muhuri. Bibi alisaini mbele yangu. Alitoa kadi yake, notere akaangalia, tukamaliza."

"Huyu bibi Khadidja unamjua?"

"Apana. Nilimuona siku ile tu."

"Na mpangaji?"

"Régis ndo alimutafuta. Mi simujui vizuri."

"Jana saa nane ulikuwa wapi?"

"Kwa foleni ya esansi, Rohero. Gari yangu iko pale tangu Ijumaa. Nalala ndani yake. Uliza mutu yeyote."

"Nitauliza."

"Mama inspekta," Seifu alisema. "Houda hawezi kuua mutu. Toka utoto, hata kuku alikuwa anakimbia asione akichinjwa. Mi ndo nilikuwa namushika mukono. Mutoe, nakuomba."

Alikuwa anamwombea kwa moyo wote, hilo Caritas hakulitilia shaka hata kidogo. Ndiyo maana alikosa raha. Katika miaka yake ya upelelezi, waliokuwa wakilia kwa uongo walikuwa wanampa usingizi mzuri. Hawa wa kweli ndio waliomkesha.

*

Buyenzi aliifikia karibu saa tano. Mtaa ulikuwa na makelele yake ya kila siku, nyundo za mafundi, redio, mtu anagombana na mtu kuhusu betri ya pikipiki. Nyumba ya Khadidja ilikuwa kimya. Caritas alitoa salamu mlangoni, akakaribishwa, lakini alipotaka Térence amfuate, sauti ya kike ilitoka chumba cha ndani.

"Huyo mwanaume abaki nje, samahani. Karibu wewe, mama."

Khadidja alikuwa amekaa juu ya mkeka, nguo nyeupe tupu, bila hina, bila pete, bila wanja. Umri wa miaka sitini na kidogo. Tasbihi mkononi.

Caritas alimweleza kwa kifupi. Komisioneri ameuawa, nyumba ya Mutanga Sud, kuna hati ya mauzo.

"Mauzo ya nini?"

"Ya nyumba yako, mama. Uliiuza mwezi wa tisa."

"Mi?" Khadidja aliiweka tasbihi chini. "Nyumba ile marehemu aliiandika kwa jina langu ili nisije nikaomba chumvi kwa mutu uzeeni. Niiuze? Nile nini?"

"Régis ulimjua?"

"Ndo! Nilimupa ufunguo anitafutie mupangaji. Na makaratasi, na kadi yangu, alisema ofisi ya komine inataka kuandika kodi ya nyumba. Karatasi hajarudisha mpaka leo. Kila nikimutuma mutu, jibu ni wapangaji hawapatikani, mama, vumilia. Nimevumilia. Huu muchele unaouona pale ni wa majirani."

"Nitakuomba twende wote komisariati, uangalie saini. Térence atatafuta namna ya kukubeba."

"Siendi."

"Mama, kuna mtu yuko mahabusu kwa ajili ya..."

"Siendi, mwanangu. Si kiburi. Niko kwa eda."

Caritas alikuwa amekulia mkoa wa Ngozi, kwenye familia ya kanisani. Neno alikuwa amelisikia, kama mtu anavyosikia mambo ya majirani. Hakuwahi kuuliza undani wake.

"Nieleze. Mimi si mtu wa Buyenzi."

"Mume akifa, mke anakaa ndani. Miezi minne na siku kumi. Hatoki kwenda sokoni, haendi arusi, hajipambi, mwanaume asiye wake haingii kumuona. Hamimu alikufa tarehe ishirini mwezi wa nane. Zimebaki siku kumi na saba."

"Tarehe kumi na tano mwezi wa tisa ulikuwa humu?"

"Humu, juu ya mukeka huu. Uliza mutaa mzima. Mjane akivuka ule mulango, Buyenzi nzima inajua kabla hajafika kona."

Mwanamke aliyesaini kwa notere hakuwa Khadidja. Régis, Mkristo wa Gihosha, alichagua tarehe kama anavyochagua siku ya kunyoa nywele. Alijua mjane amejifungia ndani, na hilo likamfurahisha, kwa sababu hatakwenda kuchungulia nyumba yake. Kwamba kwa sababu hiyohiyo hakuna Mwislamu wa Buyenzi atakayeamini saini yake ya tarehe ile, hilo Régis hakulijali. Notere hakuliwaza. Yeye mwenyewe Caritas, na cheo chake na uzoefu wake wote, asubuhi ile aliisoma tarehe mara tatu bila kushtuka.

Lakini mezani kwa notere kulikuwa na mtu mmoja aliyepaswa kushtuka.

"Mama, unamjua mtu anaitwa Seifu? Dereva."

Uso wa Khadidja ulilainika. "Nitakosaje kumujua? Nyumba yake ni ya tatu kutoka hapa. Alibeba jeneza la mume wangu, alishuka kaburini kwa mikono yake. Muke wake ndo ananiletea uji kila asubuhi tangu nimeingia ndani. Mungu awalipe."

Caritas alimshukuru. Alijinyanyua kwa kushika ukuta, na safari hii si goti tu lililokuwa zito. Ukweli aliupata, na hakuutaka.

*

Foleni ya mafuta ya Rohero ilizunguka kona mbili na kupotea kwenye ya tatu. Watu walikuwa wameishi humo siku kadhaa. Wengine walitandika kanga chini ya magari yao wakalala, wengine walicheza karata juu ya boneti. Foleni kama hiyo haiwezi kwenda bila sheria, na sheria yake ilikuwa mikononi mwa mwanaume mmoja mnene, dereva wa lori aitwaye Kelly, aliyechaguliwa na wenzake kwa sababu ya sauti yake. Kelly alikuwa na daftari la majina. Mara tatu kwa siku aliita, saa moja asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni. Asiyeitika, gari lake linasukumwa mwisho.

"Jana saa nane Seifu aliitika?"

"Yule wa taksi ya buluu? Weee!" Kelly alifungua daftari kwa fahari ya hakimu. "Hakuitika. Nimeita mara tatu, sheria ni mara tatu. Tukamusukuma nyuma. Siku nne za kulala kwa gari zikaenda bure."

"Alirudi?"

"Alirudi mvua inakaribia kuisha, amelowa chepechepe. Nikasema sasa huyu atanipiga. Kila mutu akisukumwa nyuma hapa anataka kunipiga. Yeye hakusema kitu. Aliingia kwa gari akakaa. Mi nikaona huyu anaumwa."

Caritas alimwomba Térence aandike maelezo na Kelly aweke saini. Halafu alikaa dakika mbili juu ya gurudumu la akiba la mtu, bila kuomba ruhusa, akitazama taksi ya buluu iliyokuwa mwisho wa foleni. Mlango wa nyuma ulikuwa umepasuka, kiti kimeshonwa kwa uzi wa viatu.

*

Alirudi komisariati, akachukua kutoka chumba cha vielelezo kanzu moja tu, ile ndogo yenye kishada, akaingia nayo alipokuwa Houda. Chapati zilikuwa hazijaguswa.

"Mambo yako yanabadilika," Caritas alisema, akikaa kwa kishindo. "Lakini nataka uniambie mwenyewe. Hii ni ya nani?"

Houda aliitazama kanzu bila kuishika.

"Zinavaliwa huko Oman, si ndiyo? Hicho kishada. Nimetuma mtu aulize maduka yote ya sokoni leo, hakuna anayeziuza."

"Mama..."

"Jana uliiona, ukanyamaza. Ungeenda jela kwa kunyamaza."

Houda alianza kulia, kile kilio cha mtu aliyekizuia usiku kucha. "Ya Karimu. Mutoto wa kaka yangu. Niliichagua mi mwenyewe, nikaituma siku ya Idi. Jana nilipoiona pale juu ya kamba nikasema labda kaka amewasaidia wapangaji nguo. Halafu nikaona hakuna wapangaji. Nikasema, nyamaza Houda, nyamaza. Huyo ndo kaka uliyenaye. Wazazi hawapo. Nikimutoa huyo nabaki na nani?"

Caritas alimpa kitambaa chake, akamwita Térence.

"Mlete Seifu."

Seifu aliletwa kutoka nje. Tangu asubuhi hakuwa ameondoka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za komisariati, na chupa tupu ya chai kati ya miguu. Alipoingia akamwona dada yake, akaiona kanzu juu ya meza, aliiweka chupa chini kabla hajaulizwa kitu. Sheria inataka mshukiwa ahojiwe peke yake. Caritas aliijua sheria hiyo, akaiacha mlangoni.

"Ulisema humjui Khadidja," alisema. "Ulimzika mume wake."

Seifu aliondoa macho kwenye kanzu.

"Ulisema alisaini mbele yako. Alikuwa kwa eda. Wewe ni mtoto wa Buyenzi. Ulijua."

Seifu alifuta uso kwa kiganja.

"Ulisema ulikuwa kwa foleni. Waliita jina lako mara tatu. Seifu, nimechoka, na wewe umechoka kuliko mimi. Sema."

Seifu alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Aliongea akitazama vidole vyake.

"Pesa alizokuwa anatuma za nyumba, miaka minane, ni mi nilikuwa naweka. Niliziweka, wallahi. Halafu muke wangu akapasuliwa tumbo. Nikasema nitarudisha. Injini ya taksi ikafa. Nikasema nitarudisha. Karo, paa, msiba wa mama. Kila mara nilisema nitarudisha. Mwaka huu akapiga simu, anacheka, anasema kaka, sasa zinatosha, ninunulie nyumba ya kupangisha, nitarudi. Hazikutosha. Zilibaki hazifiki nusu."

"Ukaenda kwa Régis."

"Yeye ndo alinikuta. Akasema kuna nyumba tupu Mutanga, mwenyewe amefungiwa ndani mpaka mwisho wa mwaka. Tutengeneze karatasi, Houda atulie. Mi nikasema mjane haendi kwa notere. Akacheka. Akasema notere atajua wapi? Akaleta mwanamke wa kwao, amevaa baibui ya muke wangu. Mi nikakaa pale nikimwangalia anaandika jina la Bibi Khadidja. Na asubuhi ile muke wangu alikuwa amemupelekea uji."

"Na kodi ya kila tarehe tano?"

"Ya kwake mwenyewe," Seifu alisema kwa sauti ndogo. "Zile zilizobaki. Nilikuwa namurudishia kidogo kidogo, naita kodi. Na video, tulianika nguo za watoto wangu, aone kuna watu. Jana tulikuwa tunaanika tena, maana Houda alisema anakuja Jumatano."

"Mkagombana."

"Régis aliogopa. Akasema huyu atataka kumusalimia mupangaji, tutamutoa wapi? Akasema yeye anakimbilia Uvira, Kongo, lakini kwanza anamuambia Houda kila kitu, kwamba ni mi, kaka yake, ndo nimemuibia. Akatoa simu. Nikaona jina lake kwenye kioo, Houda, inaita. Tofali lilikuwa pale, tunakanyagia ili kufikia kamba. Sikuwaza kitu. Nilitaka tu ile simu isiite."

"Iliita mara moja," Houda alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu kaka yake aingie. Térence aliacha kuandika.

"Na jana usiku?" Caritas aliuliza. "Ulipojua amekamatwa yeye?"

"Nilikuja mpaka kwa ngazi mara tatu. Kuingia na kusema ilinishinda. Si jela. Jela nitakwenda. Ni yeye kusikia zile pesa nilizila." Seifu alifunika uso. "Afadhali angenijua muuaji tu."

Caritas alimgeukia Houda, maana jambo lililobaki lilikuwa lake kulisema, na hakuna njia laini ya kulisema.

"Utaachiwa jioni hii. Lakini nyumba si yako, binti. Ni ya mama mmoja Buyenzi, na haijawahi kuuzwa hata siku moja. Karatasi hiyo haina thamani."

Houda aliitika kwa kichwa, kana kwamba ameambiwa bei ya nyanya. Aliinuka, akaenda mpaka alipokaa kaka yake, akachuchumaa mbele yake. Caritas alijiweka tayari kuwatenganisha. Haikuhitajika.

"Ungeniambia," Houda alisema. "Kaka, ungenipigia simu ukasema zimeliwa. Mi ningepiga kelele. Ningekutukana. Ningenuna mwezi moja, nisipokee simu yako. Mwezi moja, kaka. Halafu ningesema basi, tuanze tena."

Seifu alimtazama.

"Mwezi moja?"

"Moja tu."

Hapo ndipo Seifu alipolia kwa sauti, na Caritas akamfanyia Térence ishara aziweke pingu mezani kwanza, asubiri.